Kushona na Kufuma Katikati ya Masomo: Mwongozo Kamili kwa Mwanachuo

Mwanachuo anayependa sindano hukosa muda kwa namna ya pekee. Dakika anazo, lakini zimekatikakatika: robo saa akimsubiri mhadhiri, nusu saa akingoja ndoo ijae bombani, saa moja hivi baina ya magharibi na isha. Kazi aliyoichagua, kwa upande wake, ni gauni la vipande kumi na moja linalotaka meza, cherehani na siku nzima ya utulivu. Gauni hilo hukaa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda tangu muhula uanze hadi uishe, na mwenyewe hujiona mvivu. Uvivu haupo hapo. Kilichokosewa ni kuchagua kazi kwa kutazama uzuri wake, kabla ya kuuliza kama ni kazi inayokubali kuachwa katikati na kurudiwa bila hasara.

Mimi nililielewa hilo kwa gharama, nikiwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha hapa Tanga na nikiishi na wenzangu wawili katika chumba cha kupanga Ngamiani. Usiku wa kuamkia jaribio nilitandika kitambaa sakafuni saa tano nikaanza kukata gauni la kuvaa kwenye harusi ya binamu yangu. Umeme ukakatika nikiwa nimemaliza mkono mmoja. Nikawasha tochi ya simu, nikaulaza mkono ule juu ya kitambaa kilichobaki uwe kiolezo, nikakata wa pili bila kuugeuza, na kitambaa chenyewe kilikuwa na uso na mgongo. Kulipokucha nilikuwa na mikono miwili ya kulia na jaribio ambalo sikulisomea. Niliipeleka kwa mama mmoja fundi aliyekuwa akishona barazani kwake, naye akaigeuza mara mbili, akailaza juu ya cherehani, akaniambia: «Mwanangu, mtihani una marudio. Kitambaa hakina.» Utaratibu ninaoueleza hapa ulianza siku ile, na nimeutumia hadi nikamaliza masomo.

Hatua ya kwanza: andika wiki yako ilivyo, usiandike unavyoitamani

Chukua daftari dogo na kwa siku saba uandike kila mahali ulipokaa ukingoja, pamoja na dakika ulizongoja. Ratiba ya vipindi unaijua kwa moyo, kwa hiyo haina haja ya kuandikwa tena; unachokitafuta ni mianya iliyo katikati yake. Andika kwa uaminifu, kwa sababu wengi wetu tukiulizwa husema hatuna hata dakika, kisha daftari likionyesha kwamba Jumatatu tulikaa dakika ishirini nje ya darasa lililofungwa, tunanyamaza.

Mwishoni mwa wiki panga ulichoandika katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vipande vya dakika 15 hadi 20, la pili ni vipande vinavyokaribia saa nzima, na la tatu ni muda mrefu wa saa mbili au tatu usiokatizwa, ambao kwa wengi hupatikana Jumamosi asubuhi au Jumapili alasiri tu. Wiki yangu ya kwanza ilinipa vipande vidogo tisa, vya saa moja vitatu, na kirefu kimoja cha saa tatu. Ukijumlisha unapata zaidi ya saa nane, na hapo ndipo mtu hujidanganya akaanza kuota sweta, mkoba na mapazia kwa pamoja. Nilipunguza theluthi nzima palepale, kwa kuwa baadhi ya muda huo ni wa kufua, wa kulala, na wa kukaa tu barazani na wenzangu bila kushika chochote. Zilizobaki, saa tano au sita, ndizo nilizozipangia kazi.

Kisha weka juu yake kalenda ya muhula mzima: majaribio, siku za kukabidhi kazi, mafunzo kwa vitendo na mitihani ya mwisho. Kwetu pwani kuna kalenda nyingine ambayo haiwezi kusahauliwa. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka ikilinganishwa na kalenda ya kawaida, hivyo mwaka mmoja itakukuta likizoni na mwaka mwingine itakukuta katikati ya majaribio. Mwezi huo ile saa ya baina ya magharibi na isha haipo tena, kwani ni ya futari, na baada yake kuna tarawehe. Wapo wanaoipata saa nyingine baada ya daku na alfajiri. Mimi sikuwahi kuiweza, nilikuwa nalala.

Hatua ya pili: igawe kazi kwa jinsi inavyokubali kuachwa

Kazi ya sindano yenyewe ina tabia tofauti ndani ya vazi lilelile. Kupima na kukata hakukubali kuachwa. Ukishatandika kitambaa, ukakilinganisha, ukakichora chaki, kisha ukaitwa, utakaporudi kitakuwa kimesogea, au mwenzako amekikunja ili apite. Kukata kunataka muda mrefu, mwanga wa mchana na kichwa kisichochoka. Nimeweka sharti la kutokata chochote baada ya magharibi, na sijalivunja tangu mikono ile miwili ya kulia.

Kushona kwa cherehani kunakubali kuachwa kwa kiasi, mradi uachie mwisho wa mshono na si katikati yake. Tatizo la cherehani ni maandalizi: kuitoa, kutunga uzi, kujaza bobini (kigurudumu cha uzi wa chini), kujaribu mshono kwenye kitambaa chakavu. Maandalizi hayo hula dakika kumi hadi kumi na tano kabla hujashona hata shubiri moja, ndiyo maana kipande cha robo saa hakifai kwa cherehani. Inataka saa nzima, na ndani ya saa hiyo upitishe mishono yote iliyokwisha kuandaliwa.

Kazi za mkono ndizo zinazostahimili maisha ya mwanachuo. Kupiga bandi, yaani kushikiza vipande kwa mishono mirefu ya muda kabla ya cherehani, kunaweza kuachwa popote. Vivyo hivyo kushona vifungo, kupinda pindo, kudarizi na kufuma. Kufuma kwa kulabu moja ndiko rahisi zaidi kuliko vyote, kwa sababu kitanzi kilicho hai ni kimoja tu. Ukiitwa unakivuta kiwe kirefu kidogo na hakuna kitakachofumuka. Kufuma kwa sindano mbili kunakutaka umalize safu kwanza, kwani vitanzi vyote viko hai juu ya sindano, na ukiiacha katikati ya safu kuna hatari ya kuchomoka mfukoni au ya kusahau ulikuwa ukielekea upande gani.

Kwa anayeanza kabisa, kazi ya kwanza ya kujipima haihitaji hata kununua kitu, kwa kuwa karibu kila nyumba hapa ina doti ya khanga ambayo haijapindwa. Khanga huuzwa ikiwa mbili zimeungana. Kila moja ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu sentimita 110, na ukishazitenganisha unabaki na ncha mbili mbichi kwa kila khanga, ambazo ni karibu mita nne na nusu za kupinda kwa doti nzima. Kunja nusu sentimita, kunja tena, shona kwa mkono kwa mishono midogo. Hesabu ni sentimita ngapi umepinda katika robo saa, uandike kwenye daftari. Namba hiyo ndiyo kasi yako halisi, na itakusaidia kuliko makisio yoyote utakayopewa na mtu mwingine, mimi nikiwemo.

Hatua ya tatu: kazi mbili tu, moja ya mfukoni na moja ya mezani

Kazi ya mfukoni ni ile inayotembea nawe: ndogo, ya kufuma au ya kushona kwa mkono, isiyotaka kutazama kielelezo kila dakika. Kazi ya mezani ni ile inayokaa chumbani ikisubiri muda mrefu: sketi, gauni, mkoba, mapazia. Ukiwa na moja ya kila namna, kila aina ya muda uliouandika ina kitu chake. Ukiongeza ya tatu, zote tatu zitalala. Najua utaongeza, kila mtu huongeza, hasa bumu, yaani fedha za mkopo wa chuo, likiingia na kitenge kipya kikiwa kimening'inia dukani. Basi angalau kubali kwamba kitambaa kisichopangiwa tarehe ya kukatwa hakinunuliwi, kwa kuwa chumba cha kupanga hakina kabati la kuhifadhi matumaini.

Kuhusu uzi kuna njia ya kubana matumizi ambayo wengi hawaifahamu, nayo ni kufumua sweta la mtumba. Ligeuze nje ndani kabla ya kulinunua, utazame mshono wa ubavuni. Ukiona vipande vilifumwa kwa umbo lake na kuunganishwa kwa uzi mwepesi, utalifumua na kupata uzi mrefu usiokatika. Ukiona ukingo umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa mshono wa ovaloki, ule wa mashine unaozuia ukingo usifumuke, liache, kwani kila safu ilikatwa ncha zote mbili na utaambulia vipisi. Uzi uliofumuliwa hujikunjakunja kama tambi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti uwe shada, ufunge sehemu nne, uloweke, kisha uuanike ukiwa na kitu kizito kidogo chini yake. Ukikauka utakuwa umenyooka.

Mfuko wenyewe nao una mambo yake. Weka uzi, sindano au kulabu, sindano nene ya kuunganishia, futi kamba, kikata kucha badala ya mkasi, kwa sababu kinakata uzi vizuri na hakimchomi mtu kwenye daladala, na penseli yenye kijidaftari. Hewa ya bahari hapa kwetu haina huruma na chuma; sindano za kushonea zikiachwa wazi wiki chache huota kutu, na sindano yenye kutu huacha doa kwenye kitambaa cheupe lisilotoka. Zihifadhi ndani ya kopo linalofunga, zikiwa zimechomwa kwenye kitambaa kilichoguswa tone la mafuta ya cherehani, na uzifute kabla ya kutumia. Miezi ya joto kali, kuanzia Januari hadi Machi, mikono hutoka jasho na uzi wa nailoni hung'ang'ania vidole, kwa hiyo kipindi hicho mimi hufuma uzi wa pamba na huacha wa sufu hadi Juni. Jambo dogo la mwisho kuhusu rangi: uzi mweusi au wa bluu ya kiza ufume mchana, na usiku ubaki na rangi za maziwa, maana chini ya taa hafifu vitanzi vyeusi havionekani na utalipa kwa macho.

Mfano wa kazi ya mfukoni: kofia ya kichanga

Huenda ukauliza nani anavaa kofia ya kufuma kwenye joto la Tanga. Vichanga huvaa, kwa sababu mtoto aliyezaliwa punde hupoteza joto haraka kupitia kichwani, na katika kila familia kuna mtu anayejiandaa kujifungua. Isitoshe, mkoa huu una Lushoto, ambako mwezi wa Julai hata mtu mzima huitafuta sweta.

Anza kwa kipande cha majaribio. Nikitumia sindano za milimita 4 na uzi wa unene wa kati, sentimita 10 zangu huwa na vitanzi 20 na safu 28. Zako zinaweza kutofautiana, na ndiyo maana kipande hiki hakirukwi; dakika ishirini za kukifuma zinaokoa kofia nzima. Kichwa cha kichanga huwa na mzunguko wa karibu sentimita 35, na kofia inapaswa kubana kidogo, tuseme sentimita 32. Vitanzi viwili kwa kila sentimita vinakupa 64, na ukiongeza viwili vya kuunganishia nyuma unaanza na 66.

Fuma safu sita za mwanzo kwa kupokezana vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma, ili ukingo uvutike; kwa kuwa ni 66, utaanza na kumaliza kwa viwili vya mbele, na mshono wa nyuma utakaa vizuri. Endelea na safu ishirini za kawaida, upande mmoja mbele na upande wa pili nyuma. Hapo umefikisha safu 26, zaidi kidogo ya sentimita 9. Sasa anza kupunguza utosi. Acha kitanzi kimoja kila mwisho kwa ajili ya mshono, na vile 64 vya katikati uvigawe mafungu manane ya vitanzi vinane. Safu ya kwanza ya kupunguza, fuma sita kisha unganisha viwili kuwa kimoja, rudia mara nane. Safu inayofuata usipunguze. Kisha fuma tano unganisha viwili, safu ya kupumzika, nne na viwili, na kuendelea hivyo hadi kila fungu libaki na kitanzi kimoja. Kata uzi ukiuacha na urefu wa mkono, upitishe ndani ya vitanzi vyote vilivyobaki, uvute, kisha ushone mshono wa nyuma kwa uzi huohuo.

Zote ni safu 39. Mimi huchukua dakika mbili kwa safu ndefu, na pungufu kadiri vitanzi vinavyopungua, kwa hiyo kofia nzima hula takriban dakika 75 bila kuhesabu mshono. Anayeanza achukulie mara mbili ya hapo, yaani vipande kumi vya robo saa, na hivyo kofia moja kwa wiki bila kugusa muda wa kusoma hata kidogo. Safu zile ishirini za kawaida zinafumika huku masikio yakisikiliza mhadhara uliorekodiwa kwenye simu, au katika majadiliano ya kikundi iwapo wenzako hawaoni vibaya. Darasani mbele ya mwalimu usithubutu. Hata kama unasikiliza vizuri kuliko aliyekaa kimya, itaonekana ni dharau, na nadhani ni haki ionekane hivyo. Safu za kupunguza utosi zihifadhie saa moja ya jioni, kwa kuwa zinataka kuhesabiwa.

Basi la kwenda nyumbani nalo ni karakana nzuri. Kutoka hapa hadi Korogwe na Mombo barabara inakubali sindano, lakini ukianza kupanda milima kuelekea Soni, weka mfukoni. Kona zile hazijali vitanzi, na kichefuchefu cha kutazama chini hakiponyeki hadi Lushoto.

Mfano wa kazi ya mezani: sketi ya kitenge yenye lastiki

Nimechagua sketi kwa kuwa haina zipu wala mikono, na kwa sababu inaonyesha vizuri jinsi vazi moja linavyosambazwa katika wiki. Tuseme nyonga ni sentimita 100, kiuno 76, na urefu unaoutaka ni 90. Sketi ya marinda mepesi hutaka upana wa mara moja na nusu ya nyonga, yaani 150. Ukigawa kwa vipande viwili ni 75 kila kimoja, na ukiongeza sentimita moja na nusu kila ubavu inakuwa 78. Kwenye urefu ongeza nne za kupitishia lastiki na nne za pindo, jumla 98.

Kitenge cha kawaida kina upana unaokaribia sentimita 115. Hapa tazama maua yake. Kama yanaweza kulala upande wowote, panga urefu wa sketi ukatize upana wa kitambaa, na vipande viwili vitakaa ndani ya sentimita 156, kwa hiyo yadi mbili, ambazo ni sentimita 183, zinatosha na kubaki kipande cha mfuko. Kama maua yana kichwa na miguu, au kuna ndege waliosimama, lazima vipande vifuatane kwa urefu, na hapo unahitaji sentimita 196, yaani yadi mbili na robo. Nimeona sketi ambayo ndege wake walikuwa wamelala chali upande wa nyuma. Mwenyewe alisema ni mtindo.

Siku ya katikati ya wiki, loweka kitenge kwenye maji ya chumvi, kifue na ukianike; kikiwa cha pamba kitapungua kidogo, na rangi ya ziada itatoka sasa badala ya kutoka siku ya mvua. Jumamosi asubuhi ukipige pasi, ukipime, ukichore na ukikate, vipande vyote kwa mkao mmoja. Andika kwa chaki mgongoni mwa kila kipande: mbele, nyuma, juu. Kwa macho ya asubuhi hili linaonekana la kitoto, lakini Jumatano usiku utalishukuru. Kunja vipande ukiviweka pamoja na uzi wa rangi yake, bobini iliyojazwa, na lastiki.

Siku zinazofuata, tumia vile vipande vya robo saa kupiga bandi mbavu mbili, kukunja sentimita moja kisha tatu sehemu ya kiuno na kuipiga bandi pia. Sasa sketi imeshikana yote kwa uzi wa muda, na ukifika kwenye cherehani hutasimama kufikiri. Sindano namba 14 inafaa kitenge. Ya namba 16 ni ya jinzi na itaacha matundu. Shona mbavu, maliza kingo kwa zigizaga au ovaloki, kisha zungusha mshono wa kiuno ukiacha mwanya wa vidole vitatu wa kuingizia lastiki. Kazi yote hii ya cherehani ni chini ya saa moja ikiwa bandi ilipigwa vizuri.

Lastiki ya upana wa sentimita mbili na nusu ikate pungufu ya kiuno kwa sentimita tano hivi, kwa hapa ni 71, uitoboe ncha kwa pini ya kufungia na uipitishe. Ncha ya pili ishikize kwenye kitambaa kabla hujaanza kuvuta, vinginevyo itamezwa na utaanza upya. Mimi imenimeza mara nyingi kuliko ningependa kukiri. Jaribu kuivaa, shona ncha za lastiki, ziba mwanya, kisha pindo la chini ulipinde kwa mkono katika vipande vidogo vya wiki inayofuata.

Cherehani ya kuazima

Wanachuo wachache wana cherehani. Wengi tunategemea mama au baba fundi wa mtaani, na ombi hilo lina adabu yake. Usiende na vipande mkononi siku ya kwanza. Nenda na shikamoo, ueleze unachosoma, uombe kutumia cherehani saa moja kwa wiki kwa malipo mtakayokubaliana, na uulize mwenyewe ni saa ipi haimsumbui. Mimi nilipewa Jumatano baada ya adhuhuri, kwa kuwa bi mkubwa alikuwa akilala kidogo baada ya chakula. Malipo yalipokuwa hayapo nilimpindia khanga na kumshonea vifungo vya mashati ya wateja wake, na nadhani nilijifunza zaidi kwenye vifungo hivyo kuliko kwenye sketi zangu zote.

Usimwombe nafasi siku za kuelekea Idi, wala Desemba hadi katikati ya Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa na sare zimejaa hadi mlangoni. Cherehani za kukanyaga kwa miguu hazijali umeme kukatika, ilhali mashine za ovaloki zinaujali, kwa hiyo mbavu zishone wakati wowote lakini kingo zimalize umeme ukiwepo. Uje na uzi wako na sindano yako. Ukivunja sindano ya fundi, nunua mbili umrudishie, na ukimaliza futa vumbi la kitambaa chini ya kiatu cha cherehani ukaweke tone la mafuta kabla ya kuondoka.

Kuelekea mitihani

Wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho hakuna kazi mpya inayoanzishwa na hakuna kitambaa kinachokatwa. Kazi ya mezani ifungwe kabisa. Ya mfukoni unaweza kuibakiza ikiwa ni safu za kawaida tupu, kwa kuwa dakika kumi za kufuma baada ya saa mbili za kusoma huipumzisha akili bila kuipeleka mbali kama inavyofanya simu. Lakini ukijiona unasema «safu moja tu» mara ya nne, ifunge nayo.

Kufunga kuna namna yake. Malizia safu au mshono ulioko, kamwe usiachie katikati. Chomeka kizibo cha chupa kwenye ncha za sindano ili vitanzi visichomoke. Kisha chukua karatasi uandike kama unamwandikia mtu mwingine, kwa sababu baada ya wiki nne wewe utakuwa mtu mwingine: umefika safu ya ngapi, inayofuata ni ya mbele au ya nyuma, sindano ni za milimita ngapi, ni nini kimebaki kununuliwa. Funga karatasi hiyo kwa pini kwenye kazi yenyewe, si kwenye mfuko, maana mifuko hubadilishana. Yangu ya muhula wa mwisho bado ninayo. Imeandikwa kwa penseli: «Safu ya 31, utosi, fuma nne unganisha viwili. Uzi umebaki kiasi cha ngumi. Mtoto wa dada anatarajiwa Agosti.» Niliitoa chini ya kitanda siku ile ile tuliyomaliza karatasi ya mwisho, nikasoma, nikafuma nne, nikaunganisha viwili.